Salomi Topno, Aliyemwonea Wivu Aliyelala

14 Oktoba 1941 – 7 Machi 2019

Marehemu mama yetu aliagiza mambo mawili juu ya maneno haya yanayosomwa leo mbele yake: yasiwe marefu kuliko mahubiri, na asipakwe mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mkisema nilikuwa mpole," alimwambia binti yake Hiramani mwezi Januari, "nitafungua jeneza nicheke. Semeni nilikuwa na wivu. Kudatoli nzima inajua. Usije ukaonekana mwongo mbele ya watu kwa ajili yangu." Kwa hiyo yameandikwa kama alivyoyasimulia mwenyewe, wiki baada ya wiki, akiwa ameegemea mito kwenye kitanda cha kamba uani kwake.

Salomi alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1941, katika kijiji cha Jojohatu, ng'ambo ya mto Karo. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mwinjilisti Yakub Topno na mkewe Nuami Barla, akabatizwa tarehe 21 Desemba mwaka huo huo. Bibi yake mzaa baba hakubatizwa hata siku moja. Alishika desturi za kabila letu, Wamunda wa zamani, ambao mtu wao akifa huenda kukialika kivuli chake kirudi nyumbani, kikae katika chumba cha ndani pamoja na wazee wote waliotangulia. Bibi huyo alikuwa akimsuta mwanawe mbele ya wajukuu: "Sisi wafu wetu tunawarudisha ndani. Nyie wa kanisa mnawaacha nje kwenye mvua!" Naye Yakub akijibu, "Tunawaacha nje kwa sababu hawakai huko, mama. Wanaondoka." Salomi alisema hayo ndiyo mahubiri ya kwanza aliyoyaelewa, na ndiyo yaliyokuja kumtia matatani.

Alianza masomo mwaka 1949 katika shule ya kanisa ya Jojohatu, kisha akaendelea bwenini Torpa hadi darasa la saba, mwaka 1956. Alikuwa hodari wa hesabu na mbaya kwa kushindwa. Pasaka ya mwaka 1953 wasichana waliigiza habari ya wanawake waliokwenda kaburini alfajiri na manukato. Salomi alitaka kuwa yule aliyekuwa wa kwanza kumwona Bwana. Nafasi hiyo akapewa msichana mwenye nywele ndefu, yeye akapewa mkuki awe mmoja wa askari walinzi. Malaika alipotokea, askari walitakiwa waanguke kama wafu. Salomi alianguka kwa kishindo, katikati ya jukwaa, akajilaza pale pale njiani, hata mwenye nywele ndefu ikabidi amruke ili afike kaburini. Mwalimu alimchapa. Alipokuwa akisimulia kisa hiki mwaka huu, akiwa na miaka sabini na saba, bado alisema, "Sauti yenyewe hakuwa nayo. Nywele tu."

Baada ya shule alikaa nyumbani miaka kumi akiwalea wadogo zake, kwa kuwa mama yake alikuwa na afya dhaifu. Tarehe 18 Mei 1966 alifunga ndoa na Marsalan Horo wa Kudatoli, fundi mwashi, mtu aliyejenga nusu ya kuta na zaidi ya nusu ya makaburi ya usharika huu. Marsalan alikuwa mjane. Mke wake wa kwanza, Elisaba Guria, alifariki tarehe 9 Septemba 1964 kwa homa kali, akamwachia binti mmoja, Hiramani, ambaye siku ya harusi alikuwa na miaka mitatu na alilala usingizi mapajani mwa bibi harusi wakati wa kiapo.

Hakuna aliyemficha Salomi kwamba alikuwa wa pili. Kilichomkuta hakukitarajia. Mama mkwe, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikula mkate wa mchele wa Salomi siku ya kwanza, akatafuna taratibu, akasema, "Umeiva." Kisha akaongeza, "Wa Elisaba ulikuwa laini." Kuanzia hapo ikawa wimbo. Elisaba alifagia kuanzia mlangoni. Elisaba hakuwa anatia chumvi mapema. Hata mbuzi, Salomi alisema, ulikuwa ukimfunga akakuangalia kama vile Elisaba angemfunga vizuri zaidi. "Mke mwenza aliye hai mnagombana, mnarushiana maneno, yanaisha," alimwambia Hiramani. "Huyu wangu hakuwahi kukosea. Ningemshindaje mtu asiyeunguza tena mboga?"

Halafu ikaja Pasaka ya kwanza ya ndoa yake, tarehe 26 Machi 1967. Kama mnavyojua, sisi Pasaka tunaianzia makaburini. Watu walifika kabla jua halijachomoza, kila ukoo na mishumaa yake na maua ya njano, ngoma ya mandari ikaanza, wakaimba. Salomi alisimama mbele ya kaburi la Elisaba akiwa na mshumaa mkononi. Lilikuwa kaburi zuri kuliko yote, lenye vyumba viwili vya matofali chini, ukuta mwembamba katikati, na jiwe moja tu juu. Kulipopambazuka akasoma jiwe. Upande wa kushoto palikuwa na jina la Elisaba na tarehe zake. Upande wa kulia palikuwa pameandikwa MARSALAN HORO, 1938, na kistari, kikisubiri.

"Hukuniambia," alimwambia mumewe njiani kurudi.

"Nikuambie nini? Niliandika mwaka sitini na nne. Nilikuwa sikujui."

"Sasa unanijua. Futa."

"Mama Hiramani, saruji si ubao wa shule."

Tangu siku hiyo moyo wake haukutulia. Aliingia kazini mwaka 1968 kama mpishi wa bweni la wasichana Torpa, akawa mkuu wa jiko mwaka 1974, na akastaafu mwaka 1999, huku wasichana wengi waliopo hapa leo wakiwa wamekula wali na dengu zake. Jikoni alikuwa na heshima, sauti na mwiko mrefu. Ila akirudi Kudatoli jioni, akipita njia ya makaburini, aliliona lile jiwe na jina la mume wake likiwa limelala kando ya mwanamke mwingine, akatembea haraka kama mtu anayefukuzwa.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka ya mwaka 1971, Marsalan alipokuwa kanisani akipaka chokaa, Salomi alichukua mwiko wa uashi wa mumewe, saruji bakuli moja na mchanga, akaenda makaburini peke yake. Akaziba jina. Herufi moja baada ya nyingine, na kistari pia. Kesho yake alfajiri watu walifika na mishumaa wakaona. Ngoma ikafifia. Wengi walimtazama Marsalan, na wengine walimtazama Salomi, ambaye kucha zake zilikuwa bado na kijivu. Marsalan aliinama, akalisugua jiwe kwa kidole gumba, akakinusa kile kidole.

"Mchanga mwingi, saruji haba," alisema. "Hii itabanduka kabla ya mvua za Juni."

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Salomi aliondoka bila kuimba, akafika nyumbani, akajifungia.

Mchungaji wa wakati ule, marehemu Prabhusahay Bhengra, alimfuata baada ya ibada. Alikaa uani, akakataa chai mpaka mwenye nyumba atoke. Alipotoka, Mchungaji akamwambia kwa upole kwamba amemkosea marehemu.

"Marehemu gani?" Salomi akamjia juu. "Asubuhi hii hii umesimama pale ukasema hawa wamelala tu. Umesema siku ile itapigwa tarumbeta, waamke, na miili yao. Si umesema?"

"Nimesema."

"Basi mume wangu ana mke aliyelala na mke aliye macho! Kaburi moja, jiwe moja. Tarumbeta ikilia atageuka, atamwona nani? Yule. Mimi nitakuwa wapi? Kule mwisho kwenye vichaka, napangusa udongo machoni, naita, 'Baba Hiramani! Baba Hiramani!' na yeye ameshaondoka na mkewe."

Mchungaji hakucheka, jambo ambalo Salomi alimshukuru kwalo hadi mwisho. Akamkumbusha habari ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, na jinsi Bwana alivyowajibu wale waliouliza atakuwa mke wa nani: kwamba kule hawaoi wala hawaolewi.

"Kwa hiyo hatakuwa wa Elisaba," Mchungaji alisema.

"Wala wangu."

"Wala wako, kwa namna hii ya sasa."

"Hiyo si faraja, Mchungaji. Hiyo ni kunipora na mimi ili tulingane."

Mchungaji alijisogeza karibu naye. Kisha akasema, "Wale waliouliza walikuwa hawaamini ufufuo, waliuliza kwa mzaha. Wewe unauliza kwa kuwa unaumia. Nikuambie kitu, Mama Hiramani. Watu mia tatu walikuja leo na mishumaa, wameimba, na sasa wanakula. Sijui wangapi wanaamini kwamba yale makaburi yatafunguka. Lakini wewe umekwenda na saruji! Kama Elisaba angekuwa amekwisha, amekuwa udongo, ungemwonea wivu wa nini? Udongo hauibi mume wa mtu. Na kama Kristo naye angebaki kaburini, mimi ningekuwa mpiga kelele tu, na wewe ungekuwa mshindi, kwa sababu aliye hai ni wewe. Unaumia kwa sababu unajua ni kweli."

"Basi nitaishije na ukweli huo?"

"Mke wa nani, hilo sina jibu. Ninachojua ni kwamba Bwana alipotoka kaburini alimwita mtu kwa jina lake, akala samaki, na makovu yake alikuwa nayo. Hatutafufuka moshi. Anayekujua atakujua."

Salomi alimpa chai. Hakuomba msamaha, wala Mchungaji hakumlazimisha. Saruji ilibanduka mwezi Mei.

Mungu aliwajalia Salomi na Marsalan watoto wawili. Silwanti alizaliwa tarehe 2 Februari 1970, na Manmasih tarehe 19 Septemba 1972. Silwanti alikuwa mtoto wa maneno mengi, asiyemwogopa mtu yeyote, ila mbwa. Julai ya mwaka 1975 alishikwa na homa ya kichwa, na Jumapili tarehe 27, kabla ya ibada ya asubuhi, akafariki, akiwa na miaka mitano na miezi mitano.

Mvua ilikuwa haijakatika siku tisa. Wanaume walichimba sehemu tatu makaburini. Kote walikuta mwamba, na kila shimo lilijaa maji kabla halijafika magotini. Saa nane mchana Marsalan alirudi akiwa ametapakaa tope, akasimama mlangoni.

"Pale kwangu ni pakavu," alisema. "Pamejengewa tofali."

Salomi alielewa. "Mwanangu hatalala kwa huyo mwanamke."

"Si kwa Elisaba. Ni kwangu, chumba changu mimi. Nampa mwanangu."

"Ukuta ni mwembamba!"

"Salomi." Hakuwa na kawaida ya kumwita jina. "Siwezi kumlaza mtoto majini."

Akakubali kwa sababu hapakuwa na namna. Na Silwanti akawekwa mle, katika nafasi ya baba yake, kando ya Elisaba. Salomi alisimulia kwamba walipofunika jiwe, hakulia kwa msiba peke yake. Alimwonea wivu Elisaba kuliko siku zote za maisha yake. Kwanza mume, sasa mtoto.

Miezi tisa hakupita njia ile. Alizunguka kwa mtoni kwenda kazini. Ndugu walipomwambia kwamba Silwanti amekuwa nyota, au amekuwa ua, aliwafukuza uani. "Sitaki ua," alisema. "Nataka yeye. Na magoti yake yenye makovu." Na kadiri alivyomtaka Silwanti mwenyewe, mwenye magoti na maneno mengi, ndivyo ilivyombidi akubali kwamba na yule wa ng'ambo ya ukuta naye yupo. Hakuweza kumfufua mmoja akamwacha mwingine. Mlango ulikuwa ni huo huo mmoja, na aliyeufungua alikuwa ni yule yule.

Alfajiri ya Pasaka, tarehe 18 Aprili 1976, alimshika mkono Hiramani, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, wakafika makaburini kabla ya watu wote. Hiramani anakumbuka kwamba mama alisimama kimya mpaka mshumaa ukamdondokea kidoleni. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya uzio:

"Dada Elisaba. Mimi ni Salomi. Wako ninaye mimi. Anakula vizuri, ana kichwa kigumu, kasoma hadi darasa la saba. Wangu unaye wewe. Ukitangulia kuamka, mshike mkono. Anaogopa mbwa."

Kisha akamgeukia Hiramani, akamwambia, "Na wewe msalimie mama yako." Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumba ile kumwita Elisaba mama wa Hiramani, na aliyemwita ni Salomi mwenyewe.

Hiramani angependa kusema kwamba wivu uliisha asubuhi hiyo. Haukuisha. Marsalan alipowasha mshumaa wa Elisaba kabla ya wa Silwanti, Salomi alimkomesha kwa maneno. Marsalan mwenyewe alipofariki kwa kiharusi tarehe 11 Novemba 2003, alizikwa safu ya pili chini ya mti wa sakhua, maana chumba chake alikuwa amekwisha kukitoa. Salomi alipima kwa hatua nafasi iliyo kando yake, akaizungushia mawe, na kila Pasaka aliketi juu yake wakati wote wa ibada, mtu asije akaitamani. Mwaka mmoja mama mjane wa jirani alileta maua kwa Marsalan kwa nia njema kabisa.

"Na haya ya nini?" Salomi akamuuliza.

"Ya fundi wetu. Alinijengea jiko."

"Jiko lako liko nyumbani kwako. Lipelekee maua."

Mwezi Novemba mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi. Alilazwa Ranchi siku kumi na mbili. Madaktari wakasema moyo umechoka, akaomba arudishwe nyumbani. Manmasih alikuja kutoka Rourkela akakaa naye mwezi mzima. Mwishoni mwa Februari, asubuhi moja akiota jua, alimwita Hiramani akae kitandani kwake.

"Ile nafasi ya kando ya baba yako," alisema, "siitaki tena."

Hiramani alidhani ni homa. "Mama! Miaka kumi na mitano umeikalia kama kuku kwenye mayai."

"Baba yako ni mtu mzima. Akiamka atajitambua, atavaa viatu, atakuja. Mtoto je? Ana miaka mitano. Arobaini na mitatu yote amelala pale na yule. Akifumbua macho atamwona nani? Elisaba. Atasema 'mama'. Sikubali. Nizikeni mle mle na mwanangu. Chumba kilijengwa kwa ajili ya mtu mzima, nafasi ipo, nimeshawauliza wazee wa kanisa."

"Si unaamini tutakuwa wapya, machozi hakuna, wivu hakuna?"

"Naamini. Wivu nitauacha pale pale mlangoni. Lakini nataka niamke karibu." Akapumzika, maana maneno yalimchosha. Kisha akauliza lile ambalo, Hiramani alielewa hapo, lilikuwa chini ya mengine yote tangu mwaka 1966.

"Na wewe siku ile utamkimbilia nani? Yule ndiye aliyekuzaa."

Hiramani ana miaka hamsini na sita. Ni mwalimu mstaafu na bibi wa wajukuu wanne. Alilia tu, akiwa ameshika ile miguu iliyovimba.

Salomi alimwacha alie. Halafu akampapasa kichwa, akasema, "Basi, basi, usijisumbue. Ndiyo maana nakwenda kulala pale. Ukija mbio kumtafuta mama yako, lazima upite kwangu."

Salomi Topno alifariki Alhamisi tarehe 7 Machi 2019, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Kudatoli, akiwa na mwanawe kushoto na binti yake kulia. Leo, kama alivyotaka, anawekwa pamoja na Silwanti, ukuta mmoja na Elisaba.

Ameacha watoto wawili, Hiramani na Manmasih; mkwe wa kike, Sumanti; wajukuu watano na vitukuu wanne; mdogo wake, Daud Topno wa Jojohatu; na wasichana wa bweni ambao idadi yao anaijua Mungu. Waliomtangulia ni mume wake Marsalan, mwanawe Silwanti, na Elisaba, ambaye Salomi katika siku zake za mwisho alimtaja kila alipoomba, jina lake likiwa la tatu, kamwe si la kwanza.

Alale kwa amani mama yetu, ila usingizi wake uwe mwepesi, hata atakapoitwa kwa jina.